Mwaka wa Sindano Isiyouma

Habari ya kifo cha Mzee Kondo ilinikuta nimepiga magoti kwenye sakafu ya bweni, nasugua saruji kwa kosa la kumwigiza mwalimu wa hesabu anavyopiga chafya. Mama msimamizi aliingia, akasimama mlangoni, akanitazama. Mtu mzima akinitazama hivyo huwa kuna adhabu nyingine njiani, kwa hiyo nikaanza kujitetea kabla hajafungua mdomo. Nikamwambia ile chafya ni ya mwalimu mwenyewe, mimi nimeiazima tu na nilikuwa na nia ya kuirudisha. Hakucheka. Akasema, "Zena, nyumbani kwenu wametuma mtu. Mzee Kondo amefariki." Nami nikauliza, "Amefariki kweli, au amefariki kama mara ile?" Nilimwona anarudi nyuma hatua moja. Alidhani namfanyia maiti dhihaka. Ningemweleza, lakini ingebidi nianzie mbali, na yeye ni mtu wa kutaka jibu fupi. Nimekwisha kuona jibu fupi linavyoweza kumfikisha mtu kwenye kamba.

Najua kumbukumbu ni kazi ya wazee. Mimi nina meno yote na miaka kumi na saba, na mvi pekee ninayoijua ni ile chaki ninayopigwa nayo kichwani. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilipata mwaka mmoja wa kuogopa, na tangu hapo nikisikia watu wanacheka sana chumba cha pili, nasikiliza kwanza wanamcheka nani, ndipo nami nacheka.

Nilikuwa nakaa kwa Baba mdogo Shabani, upande wa Ipuli, Tabora, katika nyumba ya zamani iliyosimama kando ya njia ya misafara. Kuta zake za nje ni nene kiasi kwamba dirishani anakaa mtu mzima na sinia lake. Vyumba vya ubavuni, ambavyo zamani vililala meno ya ndovu na wapagazi waliochoka, siku zangu vililala wapangaji. Kuta za ndani hazikufika darini. Aliyejenga alitaka hewa ipite, na hewa ilipita pamoja na kila kitu kingine: harufu ya kisamvu, kikohozi, ugomvi wa mke na mume. Lakini haikupitisha yote sawasawa. Sauti nene iliruka ukuta ikaangukia chumba cha jirani kama jiwe. Sauti ya chini ilibaki pale pale kwenye mkeka iliposemewa. Hilo nalisema mapema kwa sababu mtu nusura anyongwe kwa ajili ya urefu wa ukuta.

Baba mdogo ana bucha sokoni, na ana sauti ya kumwita ng'ombe aliyekwisha vuka mto. Mzee Kondo alikuwa mpangaji wetu, fundi cherehani, Mzaramo wa Maneromango. Alikuja Tabora kijana, kwa treni, kutazama nchi ya watani zake. Akabaki kwa sababu, alisema, si vizuri kuwaacha Wanyamwezi peke yao na sindano. Kwa asiyejua, na mwaka ule kulikuwa na asiyejua nyumbani mwetu: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akakuvua kofia, akatangaza atakuuza, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha. Na siku ukifa, yeye ndiye anayechangamsha matanga. Anavaa nguo zako, anatembea kama ulivyotembea, analala mlangoni jeneza lisipite mpaka ajibiwe matusi yake na mtu wa kwenu.

Basi kila jioni, mkekani, ilikuwa hivi. "Mnyamwezi, kisamvu cha karanga tena? Nazi hamjaisikia?" Baba mdogo: "Nazi babu yangu aliibeba kutoka kwenu. Alipofika njiani akaitazama vizuri, akaona ni kichwa cha Mzaramo, akaitupa." Mzee Kondo: "Babu yako alibeba kila kitu isipokuwa akili." Baba mdogo: "Kula unyamaze. Nitakuchinja mimi, nikutundike pale buchani. Tatizo langu ni mnunuzi." Mama mdogo Nyamizi, mkewe Baba mdogo, aliwazomea wote wawili huku akiongeza mboga. Kesho yake kisimani niliwaigiza, mmoja kwa kutoa kifua, mwingine kwa kukunja shingo, na wanawake walitua ndoo ili wacheke vizuri. Ndipo wakaniita Kasuku.

Mama Koku alihamia mwanzoni mwa mwaka ule, chumba kilichopakana na ukumbi tuliokuwa tukilia chakula. Alikuwa Mhaya, mke wa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya Kigoma, kwa hiyo mumewe tulimwona kwa nadra kama mwezi mwandamo. Kiswahili chake alikipata kwa masista. Kilikuwa safi, kimepigwa pasi. Aliamkia kila mtu kwa kupiga goti, hata mimi mtoto, nikatamani kumwitikia "marahaba" nione itakuwaje. Aliamini kwamba mtu akifungua mdomo ni kwa sababu ana jambo la kusema. Kwenye nyumba yetu huo ulikuwa ugonjwa. Jioni ya kwanza alitoka chumbani kwake uso umempauka, akanivuta pembeni.

"Mtoto, nimesikia baba yako mdogo anataka kumchinja yule mzee."

"Ni utani, mama."

"Utani ni nini?"

"Ni kama salamu, ila ina kisu ndani."

Nililiona jibu zuri sana. Yeye hakulala vizuri tangu siku ile.

Macho ya Mzee Kondo yalikuwa yameanza kuchoka, na mimi baada ya shule nilimtungia uzi kwenye sindano. Alikuwa anamshonea Baba mdogo kanzu ya Idi, ya bafta nyeupe, na kola akiitia nakshi kwa mkono. Huku akishona alimtukana mvaaji wake ambaye hayupo, kwamba shingo ya Mnyamwezi ni pana kwa sababu ya mizigo na bafta haitatosha. Siku moja niliona tone jekundu kwenye nguo, kisha la pili. "Mzee Kondo, unatoka damu." Akageuza mkono. Sindano ilikuwa imeingia kando ya kucha, imesimama wima. Aliitazama kama mtu anayeitazama sindano iliyo kwenye kidole cha mwenzake. Akaichomoa taratibu, akafuta kidole kwenye shuka yake, akasema, "Damu yangu siku hizi ni ya kifalme, Kasuku. Haitaki makelele." Nilicheka. Mgongoni mwa mkono ule palikuwa na baka la rangi ya majivu. Nalo aliniambia ni unga wa muhogo wetu umemkataa. Nikacheka tena. Na jioni alipoanza kulia sahani yake peke yake, mbali na sinia letu, akasema hataki kuingiza mkono pamoja na watu wanaomega ugali kama wanachimba kisima, tulicheka sote mpaka Mama mdogo akapaliwa. Leo nikiyapanga hivi mfululizo, nashangaa tulikuwa na masikio ya nini.

Jioni ya mwisho tulikula migebuka iliyoletwa na treni. Mzee Kondo alikula kidogo. Akasema, kwa sauti yake ya chini, "Mnyamwezi, kesho sipo. Naenda kumtafuta mtu wa kunichoma sindano ikaniuma." Baba mdogo hakuinua hata macho kwenye samaki. Akanguruma, "Safari ya nini? Baki hapa hapa! Alfajiri nakuchinja mwenyewe, wala hutasikia kitu!" Tukaangua kicheko. Mzee Kondo naye akacheka, akanawa, akasimama. "Haya, mtani," akasema, akaenda chumbani kwake. Hakuwahi kujibu kwa maneno machache namna ile.

Asubuhi hakuwepo. Baba mdogo alikuwa amekwenda machinjioni tangu alfajiri, na hakuna aliyemwona Mzee Kondo akitoka. Cherehani ilikuwa pale, imefunikwa kitambaa. Siku ya kwanza tulifanya mzaha: amekimbia muhogo. Siku ya pili Mama mdogo alisema, "Mbona hakuaga?" na sauti yake haikuwa na mzaha. Wateja walianza kuja kuulizia nguo zao. Fundi haachi cherehani yake, walisema, wakatazamana. Kila aliyetoka kwetu alikwenda na lake, na neno likitoka mlangoni kwetu lina mguu mmoja, likifika sokoni lina minne. Mama Koku hakwenda sokoni. Alijifunga kitambaa kichwani, akaenda polisi, akawaambia alichosikia kupitia juu ya ukuta: kwamba bwana wa nyumba aliahidi kumchinja yule mzee alfajiri, na kwamba alfajiri ilipofika mzee hakuonekana tena. Hakuongeza chumvi hata kidogo. Ingekuwa afadhali angeongeza, watu wangemjua mwongo.

Walikuja mchana, Sajini na askari wawili, viatu vimejaa ua. Sajini alikuwa mtu wa mbali, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Mmoja wa askari alitoka chumbani mwa Mzee Kondo na ile kanzu mkononi, imekunjuliwa, madoa yamekauka kifuani na kwenye kola.

"Kanzu hii ya nani?"

"Yangu," akasema Baba mdogo.

"Damu hii ya nani?"

"Sijui, afande."

"Wewe na Kondo mlikuwa mnagombana?"

"Kila siku." Alikuwa bado anatabasamu. Alidhani Sajini anajua utani.

"Uliwahi kumwambia utamchinja?"

"Nimemwambia tangu kabla huyu mtoto hajazaliwa."

"Na jioni ile?"

"Na jioni ile. Hata leo ningemwambia, angekuwepo."

Sajini akaipokea ile kanzu. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. "Basi mwili uko wapi, Shabani?"

Hapo ndipo nilipomwona Baba mdogo anaogopa. Macho yake yalizunguka, kwangu, kwa mkewe, kwa majirani, yanatafuta yule mtu mmoja ambaye huwa anacheka kwanza. Hakumpata. Nami nilijua, kama mtu anayeona chungu kinateleza, kwamba atafanya kile ambacho ningefanya mimi: atatoa mzaha mkubwa zaidi, ili wale watu warudi kuwa wale anaowajua.

"Waulizeni walionunua nyama kwangu jana," akasema.

Mwanamke mmoja mlangoni aliziba mdomo kwa kanga, akakimbia. Sajini alimtazama Baba mdogo muda mrefu, karibu kwa huruma. "Mfungeni," akasema.

Siku zilizofuata sijui niziandikeje. Ndoano za bucha zilining'inia tupu. Wanawake waliokuwa wakicheka maigizo yangu kisimani walisugua sufuria zao kwa majivu, na wengine walizitupa. Shuleni mtoto mmoja aliniuliza kama nilikula maini, akaniuliza taratibu, kwa adabu, kama anayetaka kujua kweli. Nilitaka kumjibu kwa mzaha, nikafungua mdomo, hamna kitu mle ndani. Mama mdogo alipika, akapakua, tukakaa mbele ya sinia mpaka mafuta yakaganda. Hofu ya mtoto si kama ya mtu mzima. Mtu mzima anaogopa jambo, mtoto anaogopa vitu. Niliogopa kisu cha jikoni. Niliogopa lile sinia lenye nafasi mbili wazi. Niliogopa kupita mbele ya cherehani iliyofunikwa kwa sababu ilikuwa na umbo la mtu aliyeinama. Na zaidi ya yote niliogopa mazungumzo yaliyoruka ukuta, ya wageni waliokuja kutupa pole kisha wakasahau kwamba tunasikia.

"Wanawanyonga hapa hapa?"

"Wanawasafirisha."

"Kwa treni?"

"Ulidhani kwa miguu?"

"Daraja la ngapi?"

"We naye! Unadhani watampa godoro?"

Mmoja alicheka kwa pua. Nililala chini ya mkeka, si juu yake.

Kisha Sajini aliniita. Ofisini, mkubwa wake, Mzungu, alikuwa amekaa nyuma ya meza, haoni mtu anaona karatasi. "Bwana Mkubwa hataki hadithi," Sajini akaniambia. "Jibu ndiyo au hapana. Ulimsikia baba yako mdogo akisema alfajiri atamchinja Kondo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Imetosha. Nenda."

Ile "lakini" yangu ilibaki pale mezani. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimefumba mdomo kwa mkono, kwa sababu neno langu moja, tena la kweli, lilikuwa limekwenda kumkalia Baba mdogo shingoni. Miaka yote nilisema uongo wa kuchekesha na watu wakanipenda. Siku niliyosema kweli nilijiona kama nimeua.

Sikuingia vyumbani kwetu. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Mama Koku, bila hodi, nikiwa na matusi yote ya Kinyamwezi na Kizaramo yamejipanga mdomoni. Alikuwa amekaa chini, anamenya ndizi, na machozi yanadondokea maganda. Hakusimama wala hakunitazama. Akasema, "Nilisema nilichosikia."

"Hukusikia chote!"

"Basi nisikilizishe."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Matusi yalinipotea. Nikasimama katikati ya chumba, nikaanza kuigiza jioni ile kama nilivyozoea kisimani: kifua mbele, sauti ya bucha, alfajiri nakuchinja mwenyewe. Akainua mkono. "Hilo nililisikia. Kabla ya hapo, yule mzee alisema nini? Maneno yake yenyewe. Na sauti yake yenyewe."

Kumwigiza mtu ili watu wacheke ni kazi rahisi. Unachukua kilicho kikubwa kwake, unakikuza. Kumwigiza ilivyokuwa kweli ni kazi nyingine kabisa. Nikafumba macho. Nikamtafuta Mzee Kondo kooni mwangu. Mnyamwezi, kesho sipo. Naenda kumtafuta mtu wa kunichoma sindano ikaniuma. Na kwenye lile neno la mwisho sauti yangu ilishuka yenyewe, kama mtu anayekaa kitako polepole kwa kuogopa kiti, kwa sababu sauti yake ilishuka hivyo. Sikio langu lilikuwa limeichukua jioni ile ile na kuiweka. Kichwa changu ndicho kilichokuwa kinacheka.

Mama Koku aliuliza, kama anayeuliza njia: "Kwa nini mtu atafute sindano imuume?"

Sisi wote mkekani, pamoja na ujanja wetu wote wa mjini, hatukuuliza swali hilo. Lilihitaji mtu asiyejua utani. Nikamweleza juu ya sindano iliyosimama kando ya kucha, damu kwenye bafta, lile baka la majivu, sahani ya peke yake. Kisu kikamtoka mkononi. "Kaka yangu alibeba chungu kutoka motoni kwa mikono mitupu," akasema. "Akakitua taratibu. Akacheka. Sisi tukamsifu, tukamwita shujaa. Ulikuwa ukoma." Akajifuta mikono. "Vaa viatu."

Sajini hakutaka kutusikiliza. "Mama, wewe ndiye uliyemshitaki. Leo unamtetea?" Mama Koku akamjibu kwa Kiswahili chake cha masista, bila kupandisha sauti: "Niliyokuambia ni kweli. Lakini nilisikia jibu, sikusikia swali. Naomba unisikilize tena tangu mwanzo." Sajini akasema kazi yake si kusikiliza mara mbili. Mama Koku hakutoka. Alipiga goti pale pale sakafuni, kwa heshima kubwa, na akabaki hivyo. Watu waliingia na kutoka, wakimzunguka. Sijui nani alimfundisha Sajini aibu, lakini alikuwa nayo. Mwishowe akaita askari mmoja, akasema kuna lori la asali na nta linalokwenda kusini, linapita kituo cha wakoma cha wamisheni. Tukirudi bila mtu, asitusikie tena.

Tulipanda juu ya madebe. Pori la miombo halikwisha. Mbung'o walitushambulia, na mimi kila mmoja aliyeniuma nilishtuka, nikamshukuru kimoyomoyo kwa kuniuma, kisha nikaogopa tena: je, kama hayupo? Kama Mama Koku amekosea mara ya pili, basi tumeikaza kamba wenyewe. Yeye alikuwa anasali kwa Kihaya. Askari alikuwa amelala, kofia usoni, kwa kuwa si baba yake mdogo.

Mzee Kondo alikuwa amekaa kibarazani, vidole viwili vimefungwa bandeji, anamwelekeza mgonjwa mwenzake namna ya kukata suruali. Akatuona. Akamwona askari. Uso ukamchangamka. "Ah! Wanyamwezi wameletwa na polisi! Nilijua hamwezi kuachwa peke yenu." Nilitaka kumjibu, nilikuwa na jibu zuri, lakini kilichotoka ni kilio, na nililia mpaka wagonjwa wakatoka vyumbani. Mama Koku ndiye aliyemweleza yote, kuanzia kanzu. Mzee Kondo alisikiliza. Taratibu ule uchangamfu ulimtoka usoni. "Lakini nilimuaga," akasema. "Nilimuaga mbele yenu wote."

Askari akatoa karatasi, akaandika kwamba Kondo yu hai.

Baba mdogo alifunguliwa, akarudi amepungua, na wateja walirudi mmoja mmoja, wanawake wakichagua nyama bila kumwangalia usoni. Alipopata lori alikwenda kumtazama mtani wake, akanichukua, tukabeba paja zima la mbuzi. Njiani nilisubiri matusi yake. Nilijua anayapanga. Akashuka, akasimama mbali kidogo na kibaraza, akavua kofia. "Habari za hapa, Bwana Kondo."

Mzee Kondo akamtazama. "Nzuri, Bwana Shabani. Za mjini?"

"Nzuri tu. Poleni na maradhi."

"Tumepoa. Asante kwa nyama."

Niliogopa mara nyingi mwaka ule, lakini hakuna kilichonitisha kama ile adabu. Walikuwa kama watu wawili wanaopita juu ya paa la zamani, kila mmoja anajaribu mguu kabla hajakanyaga. Wakaongea kuhusu mvua. Na ikawa hivyo miaka minne. Dawa za wamisheni zilimtuliza, vidole vikabaki vimejikunja, akakaa huko huko akiwafundisha wenzake ushoni. Baba mdogo alikwenda mara kwa mara, na kila mara alipeleka nyama na "Bwana Kondo" yake. Nyumbani naye alianza kuyapima maneno kama anavyopima maini, akitoa kipande, akirudisha kipande. Mama Koku alibaki jirani yetu. Aliendelea kuniuliza kila jambo, huyu kasema hivi ana maana gani, nami nilijifunza kumjibu bila kuongeza kisu ndani.

Sasa nimetoka shule kwa ruhusa, nimeikuta nyumba imejaa. Walimleta Mzee Kondo kwa lori lile la asali, azikwe mjini na Waislamu wenzake. Mtaa wote ulikuwa unamtazama Baba mdogo, kwa maana ni zamu yake, ni mtani. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, amevaa ile kanzu. Sikujua kama alikuwa nayo bado. Madoa yamefifia yakawa rangi ya chai, na kola imeshonwa nusu, nusu nyingine ina nyuzi zinazoning'inia.

Jeneza likanyanyuliwa. Lilipofika mlangoni, Baba mdogo akasimama, akaenda, akalala kifudifudi juu ya kizingiti.

"Hatoki mtu!" Ile sauti, ya kuvuka mto, nilikuwa sijaisikia miaka minne. "Mzaramo mvivu! Unakwenda wapi na kola yangu hujaimaliza? Kufa umefanya haraka, kushona umeshindwa!" Watu wakaanza kucheka, wengine wakilia. Wabebaji wakasimama. Kisha akageuka chali, akalitazama jeneza lililokuwa juu yake, na sauti ikashuka. "Uliniambia unakwenda, nikacheka. Sema tena, mtani. Leo nasikiliza."

Kicheko kikakatika. Mtani akishasema, lazima ajibiwe na mtu wa upande wa marehemu, na Mzaramo mwingine hakuwepo pale ndani. Wabebaji wakatazamana, kisha wakautazama umati. Baba mdogo alikuwa amelala pale, macho wazi, anangoja kweli.

Mama Koku alikuwa amepiga goti kando yangu. Akasimama. Akajifunga kanga kiunoni, vibaya, kama mtu anayefanya jambo alilolitazama sana na hajawahi kulijaribu.

"Ondoka mlangoni, wewe Mnyamwezi, muuza mbuzi waliokonda!" akasema, kila neno limepigwa pasi. "Mwenzio amekuaga mara mbili sasa. Unataka akuage mara ngapi?"

Watu walishika vinywa. Baba mdogo alimtazama yule Mhaya, akatikisika, kwanza mabega, kisha tumbo, nikaona anacheka, na machozi yanamwingia masikioni. Akajizoa chini. Akakung'uta kanzu, akachukua mti wa jeneza upande wa kichwa, akatangulia nao nje huku akimtukana mtani wake.